Wabudha wa Upanga na Mti Wao
Sisi tutokao Mbweni huliita hekalu lile la Upanga "kwa Mabanyani". Jina hilo si lake. Walioliweka, yapata mwaka 1920, ni Wasinhala wa Seilani, iitwayo Sri Lanka tangu 1972; nao ni Wabudha, si Wahindu. Tulipofika tulivua viatu, kama wafanyavyo Waislamu msikitini. Ndani mna sanamu ya Budha, lakini sisi tulikawia uani, penye mti wa jamaa ya mkuyu, wenye majani ya ncha ndefu. Chini ya mti wa namna hiyo, Bara Hindi, ndipo Budha alipopata nuru. Na chipukizi lake, kwa masimulizi yao, lilivushwa bahari hata Anuradhapura, Seilani, karne ya 3 kabla ya Kristo. Tena "hekalu" ni neno letu, la Biblia. Wenyewe husema vihara, yaani makao ya watawa.