Wazee wa Gécamines wanatufundisha nini?

Mara nyingi tunasikia eti mzee asiye na kitu ni mtu ambaye hakujipanga ujanani. Historia ya Katanga inasema vingine.

Union Minière ilianzishwa 1906, wakati wa ukoloni. Mwanzoni ilichukua vibarua wa muda mfupi, lakini mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaanza kutaka mfanyakazi akae na familia yake. Ilimpa nyumba, posho ya unga, matibabu na shule ya watoto. Mwaka 1967 serikali ikaichukua, baadaye ikaitwa Gécamines, na desturi ikabaki ile ile. Kule Lubumbashi, Likasi na Kolwezi watu waliona kampuni ndiyo baba na mama. Sasa baba atamtupa mtoto wake kweli?

Alimtupa. Miaka ya 1980 kampuni ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na katikati ya miaka hiyo shaba ilikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ikakaa miezi na miezi bila kulipwa. Halafu 2003 na 2004, kwa pesa za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka "kwa hiari". Hiari gani, kama mtu ana njaa na anadai mshahara?

Wengi walikuwa na miaka mingi kazini. Walipewa pesa mara moja, basi. Mwenye cheo alipata nyingi. Wa chini alilipa madeni na karo ya watoto, zikaisha. Mtu mzima akaanza upya uzeeni: wengine kulima, wengine kuuza vitu vidogo, wengine kuchimba kwa mikono. Nyumba nyingi zilisimama kwa jasho la akina mama, sokoni na shambani. Na hao mama hawana pensheni, kwa sababu mfuko wa taifa ulioanzishwa 1961 uliwahesabu wenye mishahara. Mkulima na mchuuzi walibaki nje.

Kwa hiyo umaskini wa uzeeni haushuki tu kutoka mbinguni, wala sio uvivu. Unaanzia kazini: nani ana mkataba, nani anachangiwa, nani hahesabiwi.

Hapa kambini wapo wazee waliofanya kazi maisha yao yote, na karatasi zao zilibaki kwenye nyumba zilizochomwa. Na sisi tunaojitolea, posho yetu haina mchango wowote wa uzee. Miaka inapita hivyo hivyo.

Naomba mambo mawili. Vijana, tutunze kila cheti na kila karatasi ya kazi, tupige na picha, na vikundi vyetu vya akiba tusiviache vife. Ndugu wa mashirika, mkimwandikisha mzee msiishie kwenye umri na ugonjwa. Mwulizeni pia: mzee, ulikuwa unafanya kazi gani? Na miradi ya kujitegemea isiwe ya vijana peke yetu, maana wapo mafundi wa miaka 60 ambao bado wana mikono.

Wewe kwenu wazee wanaishi kwa nini? Andika hapa chini tujifunze.