Utafutaji na Utunzaji Salama wa Barua Pepe Zilizosimbwa katika Kompyuta Binafsi

Usimbaji wa barua pepe ni njia ya kugeuza maandishi ya ujumbe kuwa alama zisizosomeka, ili asiweze kuusoma mtu yeyote isipokuwa mwenye ufunguo wa kuusimbua. Njia hiyo ilianza kuwafikia watumiaji wa kawaida mwaka 1991, Phil Zimmermann wa Marekani alipotoa programu ya PGP. Kutokana nayo ulipatikana mfumo wa wazi wa OpenPGP, ambao tangu mwaka 2020 umejumuishwa katika programu ya barua pepe ya Thunderbird. Kila mtumiaji huwa na funguo mbili: ufunguo wa umma, ambao huwapa wanaomwandikia, na ufunguo wa siri, ambao hubaki kwake peke yake.

Ugumu wa kutafuta

Programu ya barua pepe hutafuta ujumbe kwa kutumia faharasa ya maneno. Barua iliyohifadhiwa ikiwa bado imesimbwa haina maneno ya kuingizwa katika faharasa hiyo. Kwa sababu hiyo, mtumishi anayetafuta neno "mkataba" anaweza asipate kitu, ingawa barua husika imo katika kompyuta yake. Kinachobaki wazi ni anwani za mtumaji na mpokeaji, tarehe na, mara nyingine, kichwa cha ujumbe. Hivyo, si vyema kuandika jambo la siri katika kichwa cha ujumbe.

Nakala iliyosimbuliwa

Thunderbird humwezesha mtumiaji kutengeneza nakala iliyosimbuliwa ya ujumbe katika folda nyingine, na nakala hiyo hutafutika kama barua ya kawaida. Folda hiyo iwe ya ndani ya kompyuta. Ikiwa ni ya akaunti iliyounganishwa na seva, nakala hupelekwa huko ikiwa wazi na faida ya usimbaji hupotea.

Hata ndani ya kompyuta, nakala hiyo inahitaji kinga. Nywila ya kuingilia pekee haitoshi, kwa kuwa mwizi anaweza kuichomoa diski na kuisoma kwa kompyuta nyingine. Kinga inayofaa ni kusimba diski nzima, kwa BitLocker katika Windows, FileVault katika macOS au LUKS katika Linux. Kinga hii hufanya kazi kikamilifu kompyuta ikiwa imezimwa. Hivyo kompyuta mpakato izimwe kabla ya safari.

Utunzaji wa funguo

Ufunguo wa siri ukipotea bila nakala rudufu, barua zilizosimbwa kwa ufunguo huo hazisomeki tena, na fundi hawezi kuzirejesha. Nakala rudufu ya ufunguo, yenye nywila imara, ihifadhiwe nje ya kompyuta, mahali panapofungwa. Ufunguo wa kurejesha diski utunzwe vivyo hivyo. Aidha, ufunguo uliokwisha muda wake usifutwe, kwa kuwa bado unahitajika kusoma barua za zamani.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inawataka wakusanyaji na wachakataji kuweka hatua za usalama za kulinda taarifa hizo. Barua pepe yenye taarifa za mwananchi inahitaji ulinzi inaposafirishwa, na pia kwa muda wote inapohifadhiwa.