Historia ya Mkato Bapa katika Lugha za Tarakilishi

Tuchukulie kwamba mwanaisimu amekusanya maneno 4 kutoka lahaja 3 katika vipindi 2. Atakuwa na safu yenye pande tatu na visanduku 24. Akitaka kipindi cha pili pekee, atafungua ukurasa mmoja. Akitaka neno moja kupitia lahaja zote na vipindi vyote, itambidi akate daftari zima ubavuni. Jedwali la pande mbili linalopatikana hivyo tutaliita mkato bapa. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi lugha za tarakilishi zilivyopata sarufi ya kuutaja.

FORTRAN, iliyotolewa mwaka 1957 kwa mashine ya IBM 704 na kundi lililoongozwa na John Backus, ilikubali safu za pande tatu. Hata hivyo, haikuwa na njia ya kutaja jedwali zima kwa neno moja: ilibidi kila kisanduku kifikiwe kwa amri ya kurudiarudia. Isitoshe, kumbukumbu ya mashine ni mstari mmoja tu, na katika FORTRAN fahirisi ya kwanza ndiyo inayobadilika upesi zaidi. Ikiwa fahirisi ya kwanza ni ya neno, ya pili ni ya lahaja na ya tatu ni ya kipindi, basi kipindi cha pili hukaa mfululizo, kisanduku cha 13 hadi cha 24. Neno la kwanza, kwa upande wake, hutawanyika: 1, 5, 9, 13, 17 na 21. Lugha ya C ilikuja kufuata mpango wa kinyume.

Badiliko kubwa lilikuwa la kisarufi. Katika APL, lugha iliyotokana na kitabu cha Kenneth Iverson cha mwaka 1962, upande unaotakiwa wote huachwa mtupu: A[;;2]. PL/I iliweka nyota: A(*,*,2). Fortran 90 ikaweka nuktambili: A(:,:,2). Msomaji wa isimu hatakosa kuona kwamba utupu wa APL unafanana na mofimu kapa: hakuna kilichoandikwa, lakini maana ipo.

Lakini je, mkato ni nakala, au ni dirisha la kutazamia safu ileile? Lugha hazikuafikiana. Katika ALGOL 68, mkato wa kigeu cha safu ulirejelea hifadhi ileile ya asili. NumPy, iliyotoka mwaka 2006, hufuata njia hiyo katika mikato yake ya kawaida. MATLAB hutoa nakala. Tofauti hii si ndogo. Mtafiti anayesawazisha tahajia ndani ya mkato, akidhani ameshika nakala, anaweza kufuta maandishi ya asili aliyoyakusanya kwa miaka, na mashine isimwonye.

Kwa hiyo, tunapounda istilahi za Kiswahili, neno moja "mkato" halitoshi. Yafaa tuseme "mkato nakala" na "mkato dirisha", ili jina lenyewe limwambie mwanafunzi, kabla hajaandika chochote, kama anagusa kivuli au mwili.