Umbo Kabla ya Pambo: Mashua za Ziwani na Bodi za Magari ya Kifahari ya Awali

Uzuri wa magari ya kifahari ya awali aghalabu huelezwa kwa mapambo yake: taa za shaba, viti vya ngozi, au sanamu ndogo ambayo Charles Sykes aliichongea Rolls-Royce mwaka 1911. Makala haya yanashikilia kwamba kilichoyapendezesha magari hayo hasa ni umbo, na kwamba sehemu ya umbo hilo ilitoka kwa waunda mashua. Msomaji wa Mbita, Sori au Muhuru Bay anaweza kuipima hoja hii ufukweni kwake.

Mwanzoni gari lilikuwa vipande visivyopatana: boneti fupi, ukuta wima mbele ya dereva, kisha viti virefu vilivyorithiwa kutoka kwa magari ya farasi. Rolls-Royce iliuza chasi na injini. Bodi iliundwa na mafundi wengine, kama Barker wa London. Bodi ya torpedo, iliyoenea kuanzia mwaka 1908 hivi, iliinua mbavu za gari na kuziunga na boneti kwa mstari mmoja. Mwaka 1912 Jean-Henri Labourdette wa Paris akaenda mbali zaidi. Juu ya chasi ya Panhard-Levassor alimuundia René de Knyff bodi iliyoitwa Skiff: mbao nyembamba za mahogani juu ya mataruma, bila mlango hata mmoja, ubavu ukaenda mfululizo kama wa mashua. Mwaka 1928 kampuni ya magari ya Auburn ikatoa gari lenye tezi iliyochongoka.

Fundi wa mashua wa Homa Bay au Migori anaijua kanuni hiyo ya umbo kwanza kwa mikono. Hulaza mkuku, husimamisha mataruma, hupinda mbao, kisha hutia kalafati. Mashua aina ya sese, yenye asili katika visiwa vya Ssese, Buganda, zamani ilishonwa kwa nyuzi. Misumari ilikuja baadaye. Mota zilipoenea, nyingi zilikatwa tezi wima ili mota ipate pa kushika. Rangi na majina ya ubavuni huja mwisho, na rangi ikipakwa vizuri hufuata mkunjo wa ubao. Huo ndio mpangilio sahihi wa kazi.

Itasemwa kwamba chuma kilichokandamizwa kwa mitambo kiliimaliza kazi ya kuunda bodi kwa mkono. Ulaya na Marekani, naam, kwa kiasi kikubwa. Kenya bado tunaagiza chasi za mabasi na kuziundia bodi hapa nchini, fremu ikichomelewa kwa mkono, chini ya kiwango cha KS 372. Basi si gari la kifahari, lakini utengano wa chasi na bodi ni uleule, na uhuru wa fundi ni uleule. Uhuru huo tumeutumia vibaya. Tangu walowezi walipopachika masanduku ya mbao juu ya chasi zao, sanduku limebaki kuwa umbo letu, na michoro ya matatu, hata ile ya kupendeza kweli, hupakwa juu ya ubavu bapa.

Tiba inaweza kuanzia vyuoni: Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti. Serikali za Homa Bay na Migori ziwaajiri waunda mashua wafundishe humo darasa la bodi za magari, na ziwalipe mshahara wa mwalimu.