Mama wa zege wa Kampala ni kazi ya mwana wa Mumias

Wafanyabiashara wa Kitale wanaorejea nchini kupitia Suam, na wenzao wa Bungoma wanaovukia Lwakhakha, aghalabu huwa na noti za Uganda mifukoni. Katika noti za toleo la mwaka 2010 mna picha ya sanamu ya mama aliyemwinua mtoto juu. Ni wachache wanaofahamu kwamba aliyeiunda alikuwa Mkenya, mzaliwa wa Mumias, mji jirani na Bungoma.

Gregory Maloba alizaliwa mwaka 1922 na kufariki mwaka 2007. Alijifunza sanaa Makerere chini ya Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha masomo hayo huko miaka ya 1930, kisha akaendeleza elimu yake Uingereza. Aliporejea, alifundisha uchongaji Makerere na baadaye katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Sanamu hiyo, ijulikanayo kama Mnara wa Uhuru, ni ya mwaka 1962, Uganda ilipojinyakulia uhuru Oktoba 9. Mwili wa mama umezongwazongwa kama wa mfungwa. Mtoto aliye mikononi mwake yu huru, naye ameinua mikono. Waliozoea sanamu za viongozi, zinazotambulika kwa sura na suti, huenda wakaduwaa. Mama huyu si mtu fulani, na hapo ndipo ulipo usasa wa kazi hii.

Maloba alitumia zege, na si bila faida. Mti ukiachwa nje huliwa na mchwa na kupasuliwa na jua. Sanamu mashuhuri ya Francis Nnaggenda kuhusu majeruhi wa vita, aliyoichonga kwa mti miaka ya 1980, iliwekwa ndani ya maktaba kuu ya Makerere. Shaba nayo huwatia tamaa wauzaji wa vyuma chakavu. Hata hivyo, zege si la milele: maji yakipenya kwenye ufa, vyuma vya ndani hushika kutu, vikafura na kulibandua. Chuo kinachotaka sanamu uwanjani, kiwe kikongwe kama Makerere au kichanga kama Kibabii cha Bungoma, kilichopewa hati mwaka 2015, hakina budi kutenga pia fedha za kuitunza.

Anayetaka kumwona mama huyo ana kwa ana atamkuta katikati ya Kampala, kando ya bustani za hoteli ya Sheraton.