Mumbai, Mji Uliovunja Kuta Zake

Mgeni wa Mumbai hupelekwa kwanza Gateway of India, tao la mawe lililosimama ukingoni mwa maji pale Apollo Bunder, na akishapiga picha hupanda boti kwenda kuona mapango ya Elephanta. Si vibaya. Ila tao lenyewe ni changa: lilijengwa kuadhimisha ujio wa Mfalme George wa Tano mwaka 1911, likakamilika 1924, mwenye sherehe keshakuja na kuondoka zamani. Na tarehe 28 Februari 1948 kikosi cha mwisho cha jeshi la Uingereza kilipita hapo hapo kwenda zake.

Mimi ningemshauri aupe mgongo ufukwe, aingie mtaa wa Fort. Ngome haipo, limebaki jina. Hapo kale palikuwa na visiwa saba vya wavuvi Wakoli, bahari ikijaa na kupwa katikati yake. Wareno walivitwaa, kisha mwaka 1661 binti yao wa kifalme alipoposwa na Charles wa Pili wa Uingereza, Bombay, kama Mumbai ilivyoitwa zamani, ikawa sehemu ya mahari, ambayo huko kwao enzi hizo ilitoka kwa bibi harusi. Mfalme hakuona faida yake. Mwaka 1668 akaikodisha kwa Kampuni ya India Mashariki kwa pauni 10 kwa mwaka. Kampuni ikajenga kuta, na mikondo ya maji ikazibwa kwa mawe na kifusi hadi visiwa vikashikana.

Sayyid Barghash wa Zanzibar alizikuta kuta hizo, alipohamishiwa Bombay baada ya kushindwa kumpindua nduguye Majid mwaka 1859. Muda si mrefu zikabomolewa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza 1861, vilikata pamba ya viwanda vya Lancashire. Macho yakageukia India, na Bombay ikafurika fedha. Zikaundwa kampuni za kujaza bahari, hisa zikapanda bei kifusi hakijamwagwa. Vita vilipokwisha 1865, wengi wakafilisika. Lakini Gavana Bartle Frere alikwisha kuzivunja kuta, na mji ukapata nafasi ya kupumua na kujenga. Ni Frere huyu aliyekuja Unguja 1873 kumbana Barghash, sasa sultani, akomeshe biashara ya watumwa. Jina lake liko Mombasa: Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru, ambako miongoni mwa wakazi wa mwanzo walikuwamo Waafrika waliolelewa Nashik, bara ya Bombay.

Jengo la kulikazia macho ni stesheni iliyochorwa na Frederick William Stevens na kujengwa kati ya 1878 na 1888. Karibu na hapo ndipo treni ya kwanza ya abiria ya India ilipoondokea kwenda Thane, kilomita 34, tarehe 16 Aprili 1853. Nguzo za geti zimekaliwa na simba wa Uingereza upande mmoja, chui milia wa India upande wa pili. Inua macho: tausi na nyani wamejibanza kwenye mawe, baadhi ya nakshi hizo zikiwa kazi ya wanafunzi wa shule ya sanaa ya mji. Jina rasmi sasa ni Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus, lakini mwambie dereva wa teksi "VT" tu, kifupi cha jina la zamani, Victoria Terminus. Na usiende kabla ya saa tano asubuhi. Umati wa watu wa maofisini utakusomba hujaona kitu.