Habari za Mtoto Mchanga na Maziwa Yake

Katika kitabu cha yubile watu hutazamia kusoma habari za majengo, za shule, na za wazee waliotutangulia. Nasi twaleta habari nyingine, iliyoingia katika kila nyumba tangu zamani. Hakuna mama asiyeijua: mtoto amenyonya akashiba, akalazwa, mara maziwa yanarudi kinywani na kumwagika shingoni. Mama mmoja hupangusa asiwe na wasiwasi. Wa pili hushikwa na hofu. Wa tatu huambiwa na jirani kwamba maziwa yake ni mabaya, amwachishe mtoto ziwa ampe uji.

Kwa muda wa karne nyingi watu hawakujua kupambanua mambo mawili: kucheua, ambako ni tabia ya utoto, na kutapika kwa ugonjwa, ambako huweza kuua. Kwa kukosa kupambanua huko watoto walipotea kwa njia mbili. Wengine walipewa vyakula na dawa wasizozihitaji. Wengine walingojewa hata wakati wa kuwaponya ukapita. Twataka kueleza jinsi maarifa haya yalivyopatikana kidogo kidogo, ili tusirudie makosa ya waliotangulia.

1. Mafundisho ya kale

Katika karne ya pili baada ya Kristo alikuwako tabibu Myunani, jina lake Soranus wa Efeso, aliyefanya kazi yake katika mji wa Roma. Aliandika kitabu juu ya wanawake na watoto wachanga, nacho kilifuatwa muda mrefu sana. Alifundisha kuyapima maziwa kwa kudondosha tone juu ya ukucha, kutazama kama ni mazito au mepesi. Lakini alifundisha pia ya kuwa maziwa ya kwanza ya mama ni mazito mno, hayafai tumbo la mtoto, basi apewe kwanza asali iliyochemshwa.

Wazo hilo halikukaa Ulaya tu. Hata katika nchi zetu wako bibi wengi waliokamua dang'a na kuimwaga chini, wakidhani ni uchafu. Leo twajua kwamba dang'a ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto, na kiasi chake kidogo chatosha kabisa, kwa kuwa mfuko wa chakula wa mtoto aliyezaliwa leo ni mdogo sana. Tena twajua kwamba asali haifai kwa mtoto asiyetimiza mwaka mmoja, maana huweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ndani ya matumbo yake.

2. Nyumba ya watoto waliotupwa

Mwaka 1739 nahodha mmoja Mwingereza, Thomas Coram, alipata hati ya mfalme kufungua nyumba ya watoto waliotupwa katika mji wa London. Watoto wa kwanza walipokewa mwaka 1741. Mara wasimamizi wakakabiliwa na swali gumu: mtoto asiye na mama atalishwa nini? Desturi ya siku zile ilikuwa kumpa mkate uliolowekwa katika maji au maziwa, ukatiwa sukari. Mtoto alipoutapika, walezi walidhani hakushiba, wakamwongezea.

Mwaka 1748 tabibu William Cadogan aliwaandikia wasimamizi hao barua ndefu, nao wakaipiga chapa. Alisema kwamba watoto wengi hulishwa kupita kiasi na kuvishwa kupita kiasi. Kwamba siagi na sukari zinazosukumwa kinywani mwa mtoto aliyezaliwa sasa hivi ni madhara matupu. Na kwamba maziwa ya mama yamshinda chakula kingine chochote. Katika hayo alisema kweli. Katika jambo moja alikosea: alitaka mtoto anyonyeshwe mara nne tu mchana na usiku, na leo twajua kwamba mtoto mchanga huhitaji kunyonya mara nane au zaidi.

Nyumba ile iliwapeleka watoto wachanga vijijini kwa mama wa kunyonyesha, nao walionyonya waliishi wengi zaidi. Lakini toka mwaka 1756 hata 1760 Bunge liliagiza kupokea kila mtoto aliyeletwa. Wakaingia karibu 15,000 katika miaka hiyo minne. Mama wa kunyonyesha hawakutosha, na magonjwa yalikuwa mengi. Walioishi hata kufikia umri wa kufundishwa kazi walikuwa kama 4,400 tu. Hesabu hiyo yatuonyesha kwamba nyumba nzuri na fedha nyingi haziwezi kushika mahali pa ziwa.

3. Chupa, saa na mizani

Katika karne ya 19 ukaja ufundi mpya. Mjerumani Justus von Liebig alitengeneza chakula cha watoto mwaka 1865, na Henri Nestlé akauza unga wake wa maziwa huko Vevey, Uswisi, tangu mwaka 1867. Zikaenea pia chupa zenye mrija mrefu wa mpira. Mrija huo haukusafishika. Maziwa yakaganda ndani yake na kuoza, na watoto wakafa kwa kuhara na kutapika. Watu wakalaumu tumbo la mtoto, kumbe kosa lilikuwa la chupa.

Mwaka 1892 tabibu Pierre Budin alianza jambo jipya katika hospitali ya Charité mjini Paris. Aliwaambia akina mama waliozalia pale warudi na watoto wao wapimwe uzito. Aliwahimiza wanyonyeshe, na wale ambao maziwa yao hayakutosha aliwapa maziwa yaliyochemshwa vema. Mwaka 1894 tabibu Léon Dufour akafanya kazi ya namna hiyo katika mji wa Fécamp.

Hapo ndipo mizani ilipoanza kusaidia kupambanua. Mtoto akicheua mara kumi kwa siku, lakini uzito wake unaongezeka, mama apangushe nguo wala asiogope. Mtoto asiyeongezeka, hata kama hacheui, yuko katika hatari. Mizani ile imefika hata kwetu. Kadi ya kliniki yenye mstari unaopanda, ambayo kila mama huijua, inatokana na kazi ya tabibu David Morley, aliyetumika katika hospitali ya misioni huko Ilesha, Nigeria, na kuijaribu kadi hiyo katika kijiji cha Imesi-Ile katika miaka ya 1950 na 1960.

Wengine walitumainia saa kuliko mizani. Huko New Zealand tabibu Truby King, aliyeanzisha chama chake mwaka 1907, alifundisha kumnyonyesha mtoto kila saa nne, na usiku asipewe kitu. Alifaulu kufundisha usafi. Lakini akina mama wengi waliosikiliza saa badala ya mtoto waliona maziwa yao yakipungua.

4. Kisu na picha za eksirei

Ulikuwako ugonjwa mmoja ambao ulichanganywa na kucheua. Mtoto wa majuma matatu hata sita, mara nyingi wa kiume, aanza kutapika kila anaponyonya. Maziwa hayamwagiki polepole, bali hutupwa mbali kwa nguvu. Kisha mtoto alia kwa njaa, ataka kunyonya tena. Mwaka 1888 Harald Hirschsprung wa Copenhagen aliandika wazi habari ya ugonjwa huo: msuli ulio kwenye mlango wa kutokea wa mfuko wa chakula hunenepa hata kuuziba. Watoto wengi wa namna hiyo walikufa kwa kukonda.

Mwaka 1911 Conrad Ramstedt, tabibu wa kupasua katika mji wa Münster, Ujerumani, alimpasua mtoto mmoja mwenye ugonjwa huo. Aliukata msuli kwa urefu wake, akajaribu kuushona, lakini nyuzi zikakata nyama. Mtoto akapona. Mwaka uliofuata akafanya tena, na safari hii aliuacha msuli wazi bila kuushona. Njia hiyo rahisi yatumika hata leo, na ugonjwa uliokuwa wa kifo hupona kwa saa moja ya kazi, ikiwa tu mtoto amefikishwa mapema.

Habari ya kucheua kwenyewe ikafunuliwa baadaye. Mwaka 1947 huko Boston, Marekani, Neuhauser na Berenberg waliandika walivyotazama kwa eksirei jinsi chakula kinavyorudi kutoka mfuko wa chakula hata umioni. Waliona kwamba msuli wa mlango wa juu hulegea. Basi waliwakalisha watoto wima baada ya kula. Leo twajua kwamba kulegea huko ni kwa kawaida: umio wa mtoto ni mfupi, chakula chake ni maji matupu, naye hulala muda mrefu. Karibu nusu ya watoto wa miezi mitatu ya kwanza hucheua kila siku. Huzidi kama mwezi wa nne, hupungua mtoto anapoanza kukaa, na wengi huacha kabla ya kutimiza mwaka.

5. Dawa za haraka

Lakini kungoja ni kugumu, na wauzaji wa dawa walijua hivyo. Mwaka 1851 William Woodward wa Nottingham alianza kuuza dawa ya maji iitwayo Gripe Water, nayo ilifika hata katika maduka ya Afrika ya Mashariki. Siku zile ndani yake mlikuwa na mafuta ya shibiti, magadi, sukari na kileo. Mtoto alinyamaza, lakini si ajabu mtu kunyamaza akinyweshwa kileo. Baadaye kileo kiliondolewa. Katika siku za karibu zaidi matabibu waliwapa watoto waliocheua dawa iitwayo cisapride. Mwaka 2000 iliondolewa katika maduka ya Marekani kwa kuwa iliweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Tena watoto waliocheua walilazwa kifudifudi, kwa kuogopa wasipaliwe. Ikaonekana kwamba waliolazwa hivyo walikufa usingizini zaidi kuliko wengine. Tangu mwaka 1991 Uingereza, na 1992 Marekani, matabibu walifundisha kumlaza mtoto chali, hata yule anayecheua; na vifo hivyo vikapungua sana.

6. Yatupasayo

Basi, katika habari hizi zote twapata mashauri machache. Mtoto anyonyeshwe katika saa ya kwanza, asimwagiwe dang'a. Apewe maziwa ya mama peke yake miezi sita, kama Shirika la Afya Duniani lilivyoagiza mwaka 2001. Uji na maji havitulizi kucheua. Baada ya kunyonya ashikwe wima begani kama nusu saa, apate kubeua. Alazwe chali. Mtoto yatima anayehitaji maziwa mengine apewe kwa kikombe safi, kidogo kidogo, mara nyingi, kwa kadiri atakayoelekezwa kliniki. Apelekwe kupimwa uzito kila mwezi.

Lakini zikionekana dalili hizi, asingojewe hata kesho: matapishi ya rangi ya kijani au yenye damu, kutapika kwa kutupa mbali kila mara, tumbo kuvimba, homa, kukataa ziwa, kulegea, mkojo kuwa haba, au utosi kubonyea. Huko si kucheua. Mama afunge safari kwenda hospitali siku hiyo hiyo, na walio jirani naye wamsaidie nauli.

Ninyi walimu, wafundisheni wasichana na wavulana pia habari hii, kwa maana baba naye huulizwa shauri usiku mtoto anapolia. Na sisi sote, tumwonapo mama kijana amelowa maziwa begani, tusimwambie kwamba maziwa yake ni mabaya. Tumwulize kwanza kama mtoto anaongezeka uzito.